Baridi ya Ghorofa Kumi na Mbili

Pwa, pwa, pwa.

Mgeni angedhani ni bata anayepigapiga mbawa gizani. Hakuwa bata. Lilikuwa daftari la kurasa tisini na sita mkononi mwa Zawena, akimpepea bintiye Siwema, wa miaka mitano, aliyelala kifua wazi juu ya kanga iliyolowa jasho. Chumba kilikuwa kimoja, cha mabati juu na mabati pembeni, na mabati yale yalikuwa bado yanatapika jua la mchana ingawa ilishatimu saa sita ya usiku.

"Mama, mkono haukuumi?"

"Hauniumi, mwanangu. Lala."

"Mbona umebadilisha mkono?"

"Huu wa kushoto nao ulikuwa unaona wivu. Lala."

Siwema alicheka kidogo, akafumba macho, akayafumbua. Mtaa mzima wa Kokoto ulikuwa hivyo. Chumba cha pili, Mama Tausi aliwapepea mapacha wake kwa mfuniko wa ndoo, pu, pu, pu. Cha tatu mtu alitumia kipande cha boksi. Ungesimama barabarani ungefikiri mtaa umeota mbawa na unajiandaa kuruka.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili jioni, kama kila siku kwa miezi minne. Wala msidhani ni hitilafu. Katika nchi hiyo umeme haukatiki kwa hitilafu; hukatika kwa sababu, na sababu huwa na sahihi na muhuri. Sababu yenyewe ilionekana kutoka mlangoni, ng'ambo ya bonde: Jumba la Wizara ya Nishati na Hewa Mwanana, ghorofa kumi na mbili, likinguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Lilikuwa linapozwa. Ndani yake hamkuwa na mtu, ila walinzi wawili wa mlangoni waliovaa makoti ya sufu.

"Zawena! Umelala?" Mama Tausi aliita kupitia ukuta wa bati.

"Nilale wapi, dada."

"Nilikuwa nasema, huyo aliyebuni jambo hili hana mtoto. Angekuwa na mtoto asingeweza. Au nasema uongo?"

Daftari lilisimama hewani.

"Hana, dada," alijibu Zawena. "Hana mtoto huyo."

Akaendelea kupepea. Uso ulimwaka, na safari hii halikuwa joto la mabati. Kwa maana aliyebuni ni yeye, na daftari alilokuwa akipepea nalo ndilo alilobunia.

*

Tueleze kwa utaratibu, maana nchi hiyo ilipenda utaratibu kuliko ilivyopenda matokeo.

Zawena alikuwa karani wa muda wa kipimajoto. Kazi yake ilikuwa kupanda ghorofa zote kumi na mbili mara tatu kwa siku, kusoma kipimajoto cha kila ukumbi na kuandika namba kitabuni. Hakuna aliyewahi kukifungua kitabu hicho, lakini kingekosekana ingeundwa mara moja tume ya uchunguzi. Jioni alikwenda kwenye masomo ya watu wazima katika shule ya msingi, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu, Siwema akilala pembeni juu ya mkoba. Mwalimu wao, Kombe, alikuwa fundi majengo mstaafu aliyefundisha kwa vitu anavyoviona kila mtu.

"Ukuta wa zege una tabia ya mtungi," alisema siku moja. "Ukiupa hewa ya usiku, unaihifadhi. Asubuhi ukiufungia jua nje, unakupa ile baridi uliyoiweka. Ukiupa jua, unakupa jua. Ukuta haudanganyi, jamani. Haujui."

Zawena aliandika yote katika daftari lake. Usiku huo furaha ilimnyima usingizi. Kesho yake akaandika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mlazo, na maneno yalikuwa haya: *Tufungue madirisha ya Jumba usiku, tuyafunge asubuhi kabla jua halijapanda. Kuta zitatunza baridi. Viyoyozi vitapumzika hadi mchana. Umeme utakaobaki upelekwe mitaani.* Sentensi ya mwisho haikuwa ya Mwalimu Kombe. Ilikuwa yake.

Akaukunja ukurasa, akautumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Sanduku hilo lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka kumi na moja, kwa kuwa afisa aliyekabidhiwa ufunguo alistaafu nao. Lakini mafundi wa rangi walilisogeza, likaanguka, likapasuka. Ndani yake vilikutwa vitu vitatu: maganda ya karanga, ombi la likizo la mtu aliyekwisha kufariki, na ukurasa wa Zawena. Kwa kuwa maganda hayakuwa na sahihi na marehemu hakuhitaji tena likizo, Wizara ilibaki na wazo moja tu la kufanyia kazi.

*

Kamati ilikaa siku tisa katika hoteli ya mbali, kwa sababu ndani ya Jumba kulikuwa na joto. Zawena aliitwa kubeba mafaili na, akiwa hapo hapo, kuhudhuria. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kitwitwi, Mkurugenzi wa Ubaridi, mtu mpole mwenye kitambaa cha kufuta jasho chenye nembo ya taifa.

"Wazo zuri sana, binti," alianza. "Zuri mno. Swali dogo tu. Hayo madirisha, usiku, yatafunguliwa na nani?"

"Na walinzi, Mkurugenzi. Wapo usiku kucha."

"Mlinzi ameajiriwa kulinda. Kufungua si kulinda."

Wajumbe walipiga meza kwa kukubali.

"Tena vitasa vya madirisha ni mali ya bohari," alisema mjumbe mwingine. "Mtunza bohari huondoka saa tisa na nusu alasiri. Usiku kitasa hakina mwenyewe."

"Na zabuni?" aliuliza wa tatu, kwa sauti ya huzuni ya kweli. "Dirisha hufunguliwa kwa mkono. Mkono hatuwezi kuutangazia zabuni. Na jambo lisilo na zabuni tutalizindua namna gani?"

Katika nchi hiyo kitu kisichozinduliwa hakipo. Kulikuwa na daraja ambalo watu walivuka chini yake, majini, kwa miaka mitatu, wakisubiri utepe.

Siku ya tisa walipata suluhisho. Katika ukurasa wa Zawena walibakiza neno *usiku* na neno *baridi*, wakaondoa madirisha. Viyoyozi vipya mia mbili vingenunuliwa, viwashwe kuanzia machweo hadi mapambazuko, kwa kipimo cha mwisho kabisa, Jumba likiwa tupu na limefungwa kila tundu. Na kwa kuwa viyoyozi hivyo vilikula umeme kupita kiasi, mitaa saba iliombwa kwa heshima zote kuchangia giza. Mpango ukapewa jina: Mpango Kabambe wa Taifa wa Kuokoa Nishati kwa Kupoza Majengo Usiku. Na kaulimbiu: *Lala Gizani, Taifa Lipoe.*

Zawena alinyoosha mkono.

"Samahani, Mkurugenzi. Mimi niliandika umeme uende mitaani. Sasa naona unatoka mitaani."

Bwana Kitwitwi alimtazama kama baba anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu siko.

"Uende, utoke, binti, mtaa si umeguswa? Ulitaka mtaa uguswe. Haya, andika kumbukumbu za kikao."

Akaandika. Angeweza kuweka kalamu chini, na miezi minne baadaye, kila alipobadilisha mkono gizani, aliikumbuka ile kalamu. Lakini siku hiyo aliandika, tena kwa mwandiko mzuri, na Bwana Kitwitwi akamsifu.

*

Asubuhi ya kwanza ya Mpango, ulioanza kwa majaribio ukingoja utepe, watumishi waliingia Jumbani wakatoka. Waliporudi walikuwa wamevaa makoti, majaketi ya pikipiki, na mmoja blanketi. Kipimajoto kilionyesha nyuzi tisa. Katibu muhtasi alichapa barua kwa vidole vilivyovaa soksi. Chai iliyomiminwa ghorofa ya kwanza ilifika ya sita ikiwa tayari ni sharubati.

Ilipofika saa tatu, amri ikashuka: madirisha yote yafunguliwe, watu waote jua.

Saa hiyo mtunza bohari alikuwepo, kwa hiyo vitasa vilitolewa bila shida, kimoja kimoja, kwa sahihi. Joto likaingia kama wageni wa arusi. Kuta zilizopozwa usiku kucha zikanywa jua asubuhi nzima, na kufikia saa saba watumishi walikuwa wanatiririka jasho. Viyoyozi vikawashwa tena. Madirisha hayakuweza kufungwa, kwani mtunza bohari alikwenda kula na daftari lake la vitasa. Saa tisa na nusu akayafunga yote, akaenda nyumbani. Machweo, mashine zikaanza upya.

Hivyo Jumba likawa linafunga madirisha usiku na kuyafungua mchana. Zawena alisimama ghorofa ya saba, upepo wa moto ukimpiga usoni, akatambua kwamba ukurasa wake unatekelezwa wote, ila umeshikwa kichwa chini.

Akamfuata Bwana Kitwitwi na kitabu chake. "Mkurugenzi, saa moja asubuhi ni nyuzi tisa. Lakini saa nane mchana ni thelathini na mbili."

"Ndiyo maana tumetoa waraka, binti. Kuanzia leo utasoma mara moja tu kwa siku. Saa moja asubuhi. Hizi namba za mchana zinawachanganya wananchi."

"Na mita ya umeme, Mkurugenzi? Nahisi tunatumia mara mbili ya zamani."

"Unahisi?"

"Sijaisoma. Imefunikwa."

Ilikuwa imefunikwa kweli, kwa kitambaa cha kudarizi chenye maua. Mita ilikuwa bado haijazinduliwa.

Basi Zawena akasoma mara moja kwa siku, akaandika nyuzi tisa, nyuzi tisa, nyuzi tisa, na magazeti yakaandika kwamba nchi ina jengo la serikali lenye baridi kuliko yote ya ukanda wa joto. Jioni alirudi Kokoto kupepea.

Siwema alianza kusinzia akila. Alisinzia akipiga mswaki. Shingo na mgongo vilijaa vipele vya joto. Zawena akampeleka zahanati, akakaa foleni tangu alfajiri, na muuguzi akamgeuza mtoto huku na huku.

"Huyu haumwi, mama," alisema. "Huyu hana usingizi. Dawa yake ni kulala."

"Sawa, dada."

"Nyumbani hamlali?"

Zawena alitazama sakafu. Alikuwa amevaa kitambulisho cha Wizara shingoni. Akakigeuza upande wa nyuma.

*

Mwezi wa nne Bwana Kitwitwi alimwita. Juu ya meza yake palikuwa na barua, na Zawena aliweza kuisoma hata ikiwa kichwa chini, kwa kuwa alikuwa ameiota miaka mitatu: barua ya kuthibitishwa kazini. Mahali pa sahihi palikuwa patupu. Barua hiyo ilikuwa na maana ya chumba cha matofali chenye dirisha. Ilikuwa na maana ya kadi ya matibabu ya mtoto, na ya kutoamka kila miezi mitatu ukijiuliza kama bado una kazi.

"Jumamosi tunazindua," alisema Mkurugenzi. "Waziri atakuwepo. Wageni watakuwepo, kutoka nchi zenye theluji, watu wanaoijua baridi. Sasa, wamesikia maneno maneno, eti wananchi hawalali. Tutawaonyesha usingizi."

"Usingizi, Mkurugenzi?"

"Onyesho. Watoto thelathini wa Kokoto, magodoro thelathini, hapo ukumbini. Filimbi ikilia wanafumba macho. Dakika kumi tu. Wewe una mtoto?"

Zawena alikumbuka alivyomjibu Mama Tausi ukutani.

"Ninaye. Mmoja."

"Mlete. Na wewe utasoma ushuhuda." Akamsogezea karatasi. "Ukimaliza kusoma, mimi nitamaliza hii." Akaigonga barua kwa kalamu.

"Naweza kusoma na ule ukurasa wangu wa kwanza? Wa madirisha? Ni mfupi."

"Ule? Ule tumeutunza, binti. Uko kwenye fremu. Ofisini kwa Waziri."

Zawena aliichukua karatasi ya ushuhuda, akaitia ndani ya daftari. Njiani alijifariji. Nikishathibitishwa, alijiambia, ndipo nitasema. Mtu wa muda hasikilizwi. Mtu wa kudumu akizungumza, watakaa wamsikilize. Hakujua kwamba hayo ndiyo waliyojiambia wakubwa wote waliokuwa wamekaa ghorofa ya kumi na mbili.

*

Jumamosi asubuhi na mapema basi la Wizara liliwakusanya watoto na mama zao. Kila mtoto alipewa sweta la kuazima. Mama Tausi alikuja na mapacha, mmoja kila mkono. Alijua Zawena anafanya kazi Wizarani. Siku zote alidhani anapika chai.

"Shoga, ubaridi huu!" alisema wakiingia ukumbini, akivuta hewa kwa pua kama anayenusa pilau. "Kumbe ndiyo giza letu hili? Ngoja nilivute lote, nirudi nalo."

Zawena alijaribu kucheka.

Alimlaza Siwema godoro la mstari wa mbele, akamfunga vifungo vya sweta. "Ni mchezo, sawa? Ukisikia filimbi unafumba macho. Usilale kweli. Unajifanya tu."

"Kama kujifanya simba?"

"Kama kujifanya simba aliyelala."

Filimbi ikalia. Macho sitini yakafumba.

Kwa dakika mbili watoto walijifanya. Mmoja alikenua meno, mwingine alichungulia kwa jicho moja. Kisha pacha mmoja wa Mama Tausi akakoroma. Watu wakacheka. Kisha mtoto wa pili, wa tano, wa kumi. Vinywa vikaachama, vidole vikalegea, udenda ukashuka kwenye magodoro ya serikali. Katika dakika ya kumi afisa alipuliza filimbi ya kuwaamsha. Hakuna aliyetikisika. Akapuliza tena, mashavu yakimvimba. Watoto thelathini walikuwa wamezama katika usingizi wa miezi minne, na ukumbi wote ukasikia pumzi zao.

Akina mama hawakucheka tena. Walitazamana.

Lakini Waziri, Mheshimiwa Dakta Ngaliwata, alisimama machozi yakimlenga kwa fahari.

"Waheshimiwa wageni," alisema, "kuna nchi zenye dhahabu. Kuna nchi zenye mafuta. Sisi tuna usingizi! Tazameni. Huu hatukuuagiza ng'ambo. Huu umelimwa hapa, na mikono yetu. Walisema wananchi wetu hawalali. Nami nawauliza, hawa ni mawe? Taifa linalolala namna hii mchana, hebu fikirieni linavyolala usiku!"

Makofi. Utepe ukakatwa, kitambaa cha maua kikavuliwa kwenye mita kwa heshima, kikarudishwa haraka baada ya mgeni mmoja kuinama kuisoma.

"Na wazo hili," aliendelea Waziri, "halikutoka kwa wataalamu. Limetoka kwa mama wa kawaida, mkazi wa Kokoto, karani wetu. Bi Zawena, njoo hapa, watu wakuone!"

Zawena alipanda jukwaani. Hakutaka kutazama upande wa akina mama, akatazama. Mama Tausi alikuwa amegeuka. Hakutukana wala hakupiga mluzi. Alimtazama Zawena kwa muda, kama mtu anayesoma tena barua aliyodhani ameielewa, kisha akainama, akavuta kanga yake akawafunika mapacha.

Zawena akafungua daftari. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: ukuta una tabia ya mtungi. Ukurasa wa kulia ulikuwa na karatasi ya Wizara. Alikuwa na sekunde chache za kuchagua upande.

"Mimi," alisoma upande wa kulia, "mama wa mtaa wa Kokoto, nathibitisha kwamba tangu Mpango uanze, mwanangu analala fofofo, na mimi pia. Giza limetuzoeza utulivu. Naishukuru Serikali."

Makofi yakapigwa. Bwana Kitwitwi, mstari wa mbele, alitoa kalamu mfukoni na kuifungua. Zawena alihisi amevuliwa nguo mbele za watu, na kwamba aliyezivua ni yeye.

"Tumsikie na mtoto mwenyewe!" alipaza Waziri, akateremka na kipaza sauti mpaka godoro la mbele. "Binti! Binti mzuri! Amka, uwaambie wageni unalalaje."

Siwema hakuamka. Waziri akamtikisa bega. Akamtikisa tena, zaidi kidogo, na kichwa cha mtoto kikaning'inia. Zawena akashuka jukwaani mbio, akapiga magoti kando ya godoro, kama anavyopiga magoti kila usiku, na mkono wake, bila kuambiwa na mtu, ukaanza kazi yake.

Pwa, pwa, pwa, vipaza sauti vikaurusha ukumbi mzima mlio wa daftari. Wageni hawakujua ni kitu gani. Kila mama wa Kokoto alijua.

Siwema alifumbua jicho moja. Aliliona daftari, akamwona mama yake, na kile kijiti cheusi kilichokuwa mbele ya mdomo wake hakukijali.

"Mama, leo pumzisha mkono, huku kuna baridi."